MAGAZIJUTO imesahau kipeo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kistari cha hasi na ile tarakimu ndogo inayokaa begani kwa namba, yaani kipeo. Kila kimoja peke yake mtoto wa darasa la saba anakimudu. Vikikutana ndani ya swali moja la aljebra, alama zinaanza kupotea, na wanaozipoteza mara nyingi ni watoto ambao aljebra yenyewe wanaielewa. Barua ni ndefu kidogo. Tumeona bora tuonyeshe hatua zote kuliko kulalamika kwa mkato.

Hapa Tanga, kama kwingineko, zinauzwa karatasi za marudio zilizotolewa kopi kwenye vibanda vya steshenari. Moja ina swali hili: ikiwa x = −3, tafuta thamani ya x² − 2x + 5. Nyuma yake limechapwa jibu: 2. Jibu hilo si sahihi. Jibu ni 20. Mzazi aliyesahihisha kazi ya mwanawe kwa kufuata karatasi hiyo amemwekea mkasi aliyepata na kumpa vema aliyekosa, tena kwa nia njema kabisa.

Kazi yenyewe ni hii:

x² − 2x + 5
= (−3)² − 2(−3) + 5
= 9 + 6 + 5
= 20

Sasa tazama majibu mengine yanayotoka kwenye madaftari kwa swali hilihili, maana kila jibu lisilo sahihi lina nyayo zake. Aliyepata 2 ameandika −3² bila mabano, akaisoma −9, kisha −9 + 6 + 5. Huyo hasi mara hasi anaijua. Alichokosa ni mabano ya kwanza tu. Aliyepata 8 mraba wake ni sahihi, ila −2 mara −3 ameiita −6, kwa hiyo shida yake iko kwenye kuzidisha namba hasi, wala si kwenye kipeo. Aliyepata 5 amechukua −3 akaizidisha kwa 2, akapata −6, badala ya kuizidisha kwa yenyewe. Aliyepata −10 ana makosa ya wawili wa kwanza kwa pamoja: −9 − 6 + 5.

Wa kuangaliwa kwa makini kuliko wote ni aliyepata 9. Daftari lake huwa safi, mistari imenyooka, na mwalimu mwenye madaftari 80 mezani anaweza kumpita. Yeye ameingiza namba bila mabano, akaandika 9 − 2 − 3 + 5. Kuzidisha kumegeuka kutoa, na hakuna alama yoyote kwenye mstari ule inayomwonyesha kwamba kulikuwa na kuzidisha hapo. Kumwambia mtoto huyu “ongeza umakini” hakumsaidii. Umakini anao. Maandishi yake ndiyo yaliyomdanganya.

Kwa hiyo tiba yake ni ya maandishi pia. Kabla ya kuingiza namba yoyote, mwanafunzi anakili mtajo mzima, na kila palipo na herufi anaandika mabano matupu:

( )² − 2( ) + 5

Kisha anajaza mabano, −3 huku na −3 kule. Basi. Mstari huu mmoja wa mabano matupu unazuia kosa la 2, la 9 na nusu ya kosa la −10. Tunashauri uandikwe hata pale namba inapokuwa chanya, hata pale mtoto anapoona ni kazi bure, kwa sababu mkono uliozoea hausahau siku ya mtihani.

Sababu ya mabano kuwa na nguvu hiyo ni kwamba kipeo kina mkono mfupi. Kinashika kile tu kinachogusana nacho upande wa kushoto: namba moja, herufi moja, au, kikigusa mabano, kila kilichomo ndani ya mabano hayo. Katika 3x² kipeo kimeshika x peke yake. Katika (3x)² kimeshika 3 na x. Weka x = −2: ya kwanza ni 3 × 4 = 12, ya pili ni (−6)² = 36. Vivyo hivyo katika −3² kipeo kimeshika 3, na hasi imebaki nje ikisubiri zamu yake: jibu ni −9. Katika (−3)² kimeshika hasi na tatu yake: jibu ni 9.

Hapo ndipo tunapofika kwenye MAGAZIJUTO. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa: hakuna aliyesoma shule ya msingi Tanzania asiyeijua, na imetusaidia sana. Lakini itazame vizuri. Kipeo kiko wapi? Hakipo. Mtoto anajifunza namba mraba akiwa bado shule ya msingi, na kanuni aliyokaririshwa ya mpangilio wa matendo haimwambii mraba huo aukokotoe lini. Akifika sekondari anakutana na BODMAS, kanuni hiyohiyo kwa Kiingereza, ambayo baada ya B ya mabano ina herufi O (“orders”, yaani vipeo), na wapo wanaofundishwa kwamba O hiyo ni “ya”, kama katika nusu ya 10, na kipeo kinaachwa tena mlangoni.

Pendekezo letu ni silabi moja. Baada ya MA iwekwe KI: MAKIGAZIJUTO. Mabano, kipeo, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwalimu wa msingi anaweza kuanza nayo kesho asubuhi bila kusubiri waraka.

Kuna jambo la pili ndani ya MAGAZIJUTO ambalo halina budi kusemwa, ingawa walimu wengi wanalijua. Silabi zinafuatana, lakini si matendo yote yanayopishana kwa cheo. GA na ZI zina cheo kimoja. JU na TO zina cheo kimoja. Zinafanywa kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa GA na ZI, mtoto akishika mpangilio wa silabi kikasuku haimdhuru: 24 × 6 ÷ 2 akigawanya kwanza anapata 24 × 3 = 72, na akienda kushoto kulia anapata 144 ÷ 2 = 72. Kwa JU na TO inamdhuru vibaya. Katika 10 − 4 + 3, anayejumlisha kwanza kwa sababu JU imetangulia TO anapata 10 − 7 = 3. Jibu ni 9.

Mtoto aliyekwisha kuzijua namba hasi ana njia ya kuokoka hapo. Kila alama ya kutoa aihesabu kuwa mali ya namba iliyo kulia kwake: 10 − 4 + 3 ni 10 na −4 na 3 vinavyojumlishwa pamoja. Ukizisoma hivyo unaweza kuzipanga utakavyo, 3 + 10 + (−4) au (−4) + 3 + 10, na jibu linabaki 9. Ndiyo maana tunasema hasi isifundishwe kama sura ya kitabu inayopita na kwenda zake. Ikieleweka, inanyoosha hata kosa la kujumlisha na kutoa alilotoka nalo darasa la nne.

Mzazi ambaye hesabu zilimpita anaweza kuuliza mpangilio huu unahusiana na nini katika maisha. Chukua nazi inayodondoka kutoka mnazi wa mita 20, mnazi wa kawaida kabisa ukanda huu wetu mpaka Pangani. Tukiuacha upepo pembeni, na tukikadiria mvutano wa dunia kuwa 10, urefu wa nazi kutoka ardhini baada ya sekunde t ni h = 20 − 5t². Baada ya sekunde 2:

h = 20 − 5(2)²
= 20 − 5 × 4
= 20 − 20
= 0

Nazi imefika chini. Sasa fuata makosa. Anayetoa kwanza anapata 20 − 5 = 15, kisha 15 × 4 = 60: nazi iko mita 60 hewani, mara tatu ya urefu wa mnazi iliyotokea. Anayezidisha kabla ya kipeo anapata 5 × 2 = 10, mraba wake 100, halafu 20 − 100 = −80: nazi imezama mita 80 ardhini. Namba zilikuwa zilezile, kalamu ileile. Kilichobadilika ni nani ametangulia. Na mwanafunzi anayezoea kujiuliza “nazi iko wapi?” baada ya kupata jibu atajigundua mwenyewe kabla ya mwalimu.

Hapo tumetumia t = 2 kwa sababu ndipo nazi inapogusa ardhi, lakini kwa mifano ya kwanza ubaoni 2 ni namba mbaya. Mraba wa 2 ni 4, na 2 mara 2 ni 4, kwa hiyo mtoto anayedhani kipeo maana yake ni “zidisha kwa” anapata vema na kurudi nyumbani na kosa lake likiwa zima. Aanze na 3 au 5: mraba wa 5 ni 25, na 5 mara 2 ni 10, kosa halina pa kujificha. Sifuri na 1 nazo zinaficha mengi. Kipeo cha tatu kinaficha kosa la mabano: (−2)³ ni −8, na −2³ ni −8 vilevile, kwa sababu hasi tatu zikizidishwa huacha hasi. Mwalimu aliyetoa zoezi zima la vipeo witiri atafurahi darasa limeelewa, na wiki ijayo kipeo cha pili au cha nne kinawaangusha wote. Changanya shufwa na witiri tangu siku ya kwanza: (−2)⁴ ni 16, −2⁴ ni −16.

Kiswahili chetu kinaweza kutusaidia zaidi ya tunavyokitumia. Mwanafunzi akisoma −3² kwa sauti kama “hasi tatu kipeo cha pili”, sikio halijui hasi imo au haimo. Tumwambie asome kwa kiunganishi cha -a: −3² ni hasi ya mraba wa tatu, (−3)² ni mraba wa hasi tatu. Ukisikia “hasi ya mraba” unajua mraba unatafutwa kwanza, kisha hasi inavikwa juu yake. Ukisikia “mraba wa hasi” unajua hasi imo ndani ya mraba. Kadhalika 5 − (−3) isomwe “tano toa hasi tatu”, kwa sababu vistari vile viwili vina kazi mbili tofauti na vinastahili majina mawili. Darasa linalosoma kwa sauti namna hii kwa dakika tano kabla ya kuandika hupunguza makosa ya mabano kuliko darasa linalokemewa.

Kuhusu hasi mara hasi kuwa chanya, watoto wengi huikariri bila kuambiwa kwa nini, na kinachokaririwa bila sababu huhamia pasipo pake: utamkuta anaandika −3 − 2 = 5 kwa kuwa “hasi mbili ni chanya”. Kanuni ile ni ya kuzidisha na kugawanya. Onyesha ngazi hii ubaoni, zidisha −3 kwa 2, kwa 1, kwa 0: −6, −3, 0. Kila ukishuka ngazi moja upande wa kizidishi, jibu linapanda kwa 3. Endelea kushuka: −3 mara −1 ni 3, mara −2 ni 6. Hakuna pengine pa kwenda bila kuvunja ngazi. Au tumia daftari la mkopo la dukani. Deni la shilingi 2,000 ni −2,000. Mwenye duka akikufutia madeni matatu ya namna hiyo, amekuondolea −2,000 mara tatu, na hali yako imepanda kwa shilingi 6,000: −3 × −2,000 = 6,000. Mfano huu ni wa kale. Mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliandika kanuni za namba hasi mwaka 628 akiziita chanya mali na hasi deni.

Aliyeeneza kipeo kidogo cha begani ni René Descartes, katika kazi yake ya jiometri ya mwaka 1637. Lakini hata yeye mraba wa a aliuandika mara nyingi aa, herufi mbili zikiwa bega kwa bega. Tunapenda ukale huo. Mwanafunzi anayesitasita aandike xx badala ya x² kabla ya kuweka namba, kisha mabano: (−3)(−3). Hataweza tena kupata −9 wala −6.

Kosa jingine la kudumu ni kudhani −x lazima iwe namba hasi. Kistari mbele ya herufi maana yake ni “kinyume cha”. Ikiwa x = −3, basi −x ni −(−3), yaani 3. Na −x² ni −(−3)² = −9, ilhali (−x)² ni 9. Huku hasi moja iliyo nje haifi kwa sababu tu kuna nyingine ndani. Ile ya ndani imekwisha kuliwa na mraba wake kabla ya ya nje kufikiwa.

Haya yote yakiachwa kidato cha kwanza, yanadai deni lake baadaye, kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Chukua 2x² − 5x − 3 = 0, ambapo a = 2, b = −5, c = −3. Kanuni yake ni x = (−b ± √(b² − 4ac))/2a. Sehemu ya ndani ya kipeuo, yaani ya alama √, ni b² − 4ac:

(−5)² − 4(2)(−3)
= 25 + 24
= 49

Kipeuo chake ni 7, na x = (5 ± 7)/4, yaani 3 au −½. Asiyeweka mabano kwenye −5 anapata −25 + 24 = −1 na kuandika kwamba mlinganyo hauna jibu. Asiyejua hasi mara hasi anapata 25 − 24 = 1, na majibu yake yanakuwa 1½ na 1, ambayo ukiyarudisha kwenye mlinganyo hayatoi sifuri. Anayesahau kwamba −b hapa ni −(−5) = 5 anapata −3 na ½: majibu sahihi yaliyogeuzwa alama. Mwalimu akiona majibu yamepinduliwa hivyo asihangaike kukagua kazi yote, akaangalie −b. Na ule mstari mrefu wa sehemu ni mabano pia, ingawa haukuchorwa kama mabano: kila kilicho juu yake kikokotolewe kikaisha, kila kilicho chini kikaisha, ndipo kugawanya.

Vipeo hasi tutavigusa kwa kifupi. Hasi iliyo kwenye kipeo haifanyi namba kuwa hasi. Inaipeleka chini ya mstari wa sehemu. 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2, 2⁰ ni 1: kila hatua tunagawanya kwa 2. Hatua inayofuata, 2⁻¹, ni ½, na 2⁻³ ni ⅛, wala si −8. Kwa njia hiyohiyo (−5)⁰ ni 1, na −5⁰ ni −1.

Wapo watakaosema siku hizi mashine zipo. Mashine zenyewe hazikubaliani. Kalkuleta nyingi za kisayansi ukiziandikia −3² zinatoa −9. Programu ya Excel, ambayo kipeo hukiandika kwa alama ^, ukiiandikia =-3^2 inatoa 9, kwa kuwa imepangwa kuishika hasi kwanza; ukiandika =0-3^2 inatoa −9. Lugha ya kompyuta ya Python, ambayo kipeo hukiandika kwa nyota mbili, ukiiandikia -3**2 inatoa −9. Kijana anayejifunza uhasibu au programu bila kujua mabano yanaenda wapi atapata namba mbili kutoka mashine mbili, na hatakuwa na uwezo wa kuamua. Akiandika (-3)^2 au -(3^2), akimaanisha anachomaanisha, Excel na kalkuleta vinampa jibu moja.

Turudi kwenye karatasi za marudio, maana kero yetu ilianzia huko. Wanaozichapa hawana nia mbaya, lakini wengi huacha kipeo kikashuka: x² inachapwa x2, na mtoto anaizidisha kwa 2 kwa haki yake. Kistari cha hasi hubaki peke yake mwisho wa mstari na namba yake ikaanza mstari wa chini. Kopi ya kopi hufuta vistari vyembamba, na −3 ikawa 3. Kwa mchapaji tunaomba mambo matatu tu: kipeo kipandishwe kweli, hasi iungane na namba yake mstari mmoja, na nyuma ya karatasi ziwekwe hatua, si jibu tupu. Jibu tupu likikosewa hakuna wa kulishtukia. Hatua zikikosewa, hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataona kosa liko mstari gani. Ombi hilihili tunalileta kwako Mhariri, kwa kurasa za elimu ambazo magazeti huchapisha kipindi cha mitihani.

Kwa mzazi au mwanafunzi anayetaka kujipima jioni ya leo, achukue a = −2, b = 3, c = −1, aandike mabano matupu kwanza, kisha atafute thamani za mitajo hii: a² − b²; −a²; ab²; (ab)²; b − a³; (a + c)³; (a² − c)/(a − b); na 2a² − 3ac.

Majibu kwa mpangilio huo ni −5, −4, −18, 36, 11, −27, −1 na 2. Aliyepata 13 katika la kwanza ameuona mraba wa 3 na akaigeuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha. Aliyepata −5 katika la tano ameandika 3 − 8, na ile hasi ya ndani ya (−2)³ imempotea. Katika la mwisho, aliyepata 14 amehesabu hasi mbili, ya a na ya c, akasahau ya tatu iliyokaa mbele ya 3.

Walimu wa hisabati,
Ngamiani, Tanga